Mrututu: kuza jiwe lako la buluu nyumbani

Haya jamani, karibuni tena, tuko Kisauni. Leo ni mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu. Maabara huutengeneza kwa kukoroga oksaidi nyeusi ya shaba ndani ya asidi ya salfuriki yenye vuguvugu. Mie sitengenezi, nanunua, napakia, nawauzia. Wazee walikuwa wakipakia vidonda. Nyinyi msithubutu, ni sumu! Vaeni glavu, na chombo cha hapa kisirudi jikoni.

Gramu 120, maji ya moto mililita 200, chupa ya jemu. Sufuria hapana, mrututu unaila alumini. Koroga. Limeisha hilo.

Kwa nini nyingi hivyo? Penye nyuzi 20, maji haya hushika gramu kama 64. Mombasa ni nyuzi 30, yanashika kama 76. Ukitia 70 utangoja mpaka Idi.

Funika kwa kitambaa, lala. Asubuhi chini utakuta vijiwe. Maji yamimine chupa nyingine, chagua kijiwe chenye kingo kali, mie napenda kilicholala ubavu kama kigae. Kifunge kwa uzi wa mshipi, huu wa kuvulia... ngoja... feni hiyo, zimeni feni! Kimeanguka. Tunaanza upya. Haya, kimeshika.

Sasa nisikilizeni. Usikitumbukize maji yakiwa na vuguvugu. Siku ya kwanza nilihangaika jioni nzima na fundo, nikatumbukiza kwa pupa, asubuhi nikavuta uzi mtupu. Jiwe limeyeyuka lote! Shika chupa kwa mkono: yapoe kabisa. Kisha weka kivulini. Ukiweka dirishani, jua la saa saba linapasha maji, jiwe linaliwa tena. Nimesema yapoe? Nasema tena, yapoe.

Hili hapa lina wiki mbili, kama kokwa ya tende. Lipake rangi ya kucha isiyo na rangi, lisichakae.

Vipande vilivyovunjika msitupe. Tazameni, nachoma kimoja juu ya kijiko... kinakuwa cheupe, maji yake yametoka. Tone moja la maji: buluu imerudi! Mwanangu hachoki kuutazama mchezo huu.

Maji yaliyobaki msimwage mtaroni, yanaua samaki. Yawekeni kwa jiwe la pili, chupa iandikwe SUMU, iwe juu mbali na watoto. Paketi zangu ni gramu 200, niandikieni hapo chini.