Mtoto Avae Nini Jumamosi? Maongezi Kuhusu Mavazi ya Tonamenti za Chesi

Habari zenu jamani, wale mko nyuma sogeeni mbele viti viko. Nimeombwa niongee kuhusu mavazi na najua kuna watu hapa wangependa tuongee ufunguzi wa Sicilian ama namna ya kumaliza na ruku mbili, hiyo itakuja siku yake. Leo nataka kujibu swali ambalo wazazi wa hapa Nairobi wananiuliza kuliko lingine lolote: kocha, mtoto avae nini Jumamosi, na je kama hatuna suti?

Nianze na hiyo ya suti ndio mtulie. Tonamenti zetu za wikendi hazihitaji suti. Mama anayefikiria kwenda kukopa pesa anunue blaza ili mtoto wake wa miaka tisa asiaibike, mama tafadhali usikope, hiyo pesa lipa ada ya kuingia na ubaki na ya chakula cha mchana. Kama unataka blaza kwa sababu unapenda blaza, basi masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba mnayajua, amka mapema wakifungua belo utapata nzuri kuliko ya dukani. Lakini mtoto asikose kucheza kwa sababu ya nguo. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote na nitalirudia mahali popote nikipewa maikrofoni.

Sasa, nguo ina kazi gani? Kazi ya kwanza ni mwili. Ile taimu ya dakika 90 kwa kila mchezaji na sekunde 30 za nyongeza kwa kila muvu, piga hesabu, mkifika muvu ya 60 kila mmoja amepewa saa mbili nzima, kwa hivyo mnaweza kukaa hapo saa nne mmeinama juu ya ubao. Na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa saba asubuhi ukumbi ni kama friji, halafu saa nane jua limepiga mabati watu 200 wanapumua ndani na umeanza kujuta ile sweta nzito uliyovaa peke yake bila kitu cha maana chini. Vaa nguo za kupanga moja juu ya nyingine: fulana, shati, sweta ya kufungua mbele. Uvue bila kusimama, bila kupitisha kichwani ukafumba macho wakati saa yako ya mchezo pale mezani inakimbia. Suruali isiyobana tumboni. Viatu ambavyo umeshavivaa, sio vipya vya kukukata kisigino siku hiyo hiyo, na kama ni msimu wa mvua na unatoka kwenye matope beba soksi za pili kwenye mfuko. Soksi zikilowa asubuhi utakaa nazo mpaka jioni, na akili yako yote itakuwa miguuni.

Mikono ya nguo, hapa nisikilizeni vizuri hasa nyinyi mnaopenda blits, ile chesi ya dakika chache. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinasema ukiangusha ama ukisogeza kete kwa bahati mbaya unazirudisha mahali pake kwa muda WAKO. Sio wa mpinzani, wako. Sasa wewe umevaa hudi ina mikono mipana kama shuka, unanyoosha mkono mpaka ile kona ya mbali, mkono wa nguo unazoa askari wawili na bishop, una sekunde sita. Huo mchezo umeisha na sio kwa sababu ulizidiwa. Kunja mikono ama vaa nguo yenye mkono wa kubana. Wasichana wanaovaa bangili nyingi, na wavulana pia siku hizi, zivue, kwanza zinagonga kete, pili kila ukibonyeza saa zinalia na jirani wa meza ya pili anakasirika, na ana haki, maana sheria inakataza kumsumbua mpinzani kwa njia yoyote ile. Pafyumu kali nayo ni hivyo hivyo. Watu wengine inawapa kichwa kuuma kabisa.

Halafu ile saa ya mkononi. Hii imeumiza watoto wazuri. Saa zinazoshika intaneti ni kifaa cha elektroniki kama simu, na sheria ni kwamba ikionekana uko nacho mwilini ndani ya ukumbi wakati wa mchezo bila ruhusa ya refa, umepoteza. Haingojwi ilie. Haingojwi mtu athibitishe ulikuwa unadanganya. Kwa hivyo mzazi kama ulimnunulia mtoto hiyo saa ili ujue yuko wapi ni sawa, lakini pale mlangoni ibaki na wewe, na simu pia, ama muulize refa kabla ya raundi ni wapi pa kuiweka ikiwa imezimwa. Angalia pia mifuko ya ndani ya koti. Koti za mitumba zina mifuko mingi mtu hata haijui yote.

Najua kuna wale wanangoja nifike kwa Magnus Carlsen, yule bingwa wa Norway, na jinzi yake, haya tufike. Tarehe 27 Desemba 2024, New York, mashindano ya dunia ya rapidi, chesi ya haraka lakini sio kama blits. Kanuni za pale zilikuwa zimekataza jinzi, zimeandikwa. Carlsen akaja na jinzi, akatozwa dola 200, akaambiwa akabadilishe kabla ya raundi inayofuata, akasema atabadilisha kesho. Hawakumpangia mpinzani raundi ya tisa, akajitoa kwenye rapidi. Siku hiyo hiyo mchezaji mwingine, Mrusi Nepomniachtchi, alitozwa faini ya viatu vya michezo, akaenda akabadilisha akarudi kucheza. Baadaye rais wa FIDE, Dvorkovich, akalegeza kidogo, wakakubali jinzi nadhifu inayoenda na koti, Carlsen akarudi kwa blits na mwishowe yeye na huyo huyo Nepomniachtchi wakagawana taji. Ile jinzi aliiuza mtandaoni kwa zaidi ya dola 36,000 na pesa zikaenda kusaidia watoto.

Vijana wengi mlifurahia hiyo stori na mimi naelewa. Lakini maoni yangu ni haya: refa hakukosea. Kanuni ilikuwa imeandikwa, wote waliipata kabla, na mmoja akibadilisha viatu mwingine hawezi kuachwa kwa sababu ni bingwa. Kama kanuni yenyewe ni ya kizamani, na mimi naona ilikuwa imezidi, ibadilishwe kabla ya tonamenti na iwe ya kila mtu. Hata hapa kwetu tumebishana sana, Novemba 2023 Spika Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni na nchi nzima ikabishana, kwa sababu nguo inagusa heshima ya mtu. Kwa hivyo kuipanga ni kazi ya uangalifu.

Na uangalifu huo unatakiwa zaidi tukifika kwa wanawake, hapa nataka nikae kidogo. Mwaka 2012 shirikisho la chesi la Ulaya liliweka kanuni mpaka za vifungo vya blauzi, ni vingapi viachwe wazi, na sketi isizidi sentimita tano hadi kumi juu ya goti. Hebu fikiria mtu amekaa kwenye mashindano ya akili anapima goti. 2017 huko Malaysia kocha mmoja aliandika kwamba mwanafunzi wake wa miaka 12 alitoka kwenye mashindano baada ya kuambiwa gauni lake linashawishi. Miaka kumi na miwili! Halafu kinyume chake, mwaka huo huo mashindano ya dunia ya wanawake yalikuwa Tehran na hijabu ilikuwa lazima, Nazi Paikidze wa Marekani akakataa kwenda. Desemba Anna Muzychuk wa Ukraine akakataa kwenda Riyadh, hakutaka kulazimishwa kuvaa abaya, akaacha mataji yake mawili ya dunia yaende. Kwangu mimi kumvua mtu hijabu kwa nguvu na kumvika kwa nguvu ni kosa moja.

Nalisema hili kwa sababu ya yaliyotokea hapa hapa Nairobi, Aprili 2023, Kenya Open. Mnajua wote. Kijana wa miaka 25 alijisajili sehemu ya wanawake, amejifunika buibui na nikabu na miwani, hasemi na mtu, anapiga wachezaji wakubwa na hakuna aliyewahi kumsikia. Viongozi wa Chess Kenya walieleza kwamba mwanzoni hawakushuku chochote kwa sababu kuvaa hijabu ni jambo la kawaida, na moja ya vitu vilivyowashtua ni viatu. Vilikuwa vya kiume. Walimwita pembeni, akakubali, akasema ni shida ya pesa.

Yule alikosea, na aliowakosea sana ni wasichana wetu wa Eastleigh na South C na Pwani wanaovaa hivyo kwa imani yao. Sasa nyinyi marefa vijana, msianze kumwangalia kila msichana aliyejifunika kama mshukiwa. Kama kuna haja ya kukagua, sheria ipo na ni nzuri: inafanywa faraghani, na anayekagua awe wa jinsia moja na mchezaji. Refa mwanamke. Kama tonamenti haina refa mwanamke hata mmoja, waandaaji, hapo ndipo pa kuanzia kabla ya mabango na vikombe. Na kanuni yoyote ya mavazi iandikwe kwenye fomu ya kujisajili, kwa lugha rahisi, wiki kadhaa mbele, sio mtoto aambiwe mlangoni saa mbili asubuhi ametoka Kayole kwa matatu mbili.

Mama pale anauliza kama yunifomu ya shule ni sawa. Ni sawa kabisa, imetulia, ina sweta, mtoto ameizoea. Na wewe wa kofia ya mavin, ile ya sufu, ndio, kwa baridi vaa, lakini masikio yawe nje, refa anataka kuona hakuna kitu ndani, na akikuomba uivue dakika moja vua bila kubishana. Swali lingine?