Dawa Inaitwa Daktari: Semina ya Viti Bila Slaidi

SISTA: Haya karibuni tena jamani, leo sauti imekauka kidogo nimetoka zamu ya usiku, mtanisamehe. Mimi ndo Sista wenu, muuguzi wa afya ya akili, niko na mdogo wangu hapa, mshauri nasaha, amekuja na kinyongo.

MDOGO: Shikamoo Sista. Sio kinyongo bana.

SISTA: Marahaba. Ni kinyongo, hebu kitoe.

MDOGO: Haya. Wiki iliyopita nilikuwa semina siku tatu, hotelini, sisemi hoteli gani wala nani kaandaa. Slaidi hazihesabiki, mtu anatusomea neno kwa neno utadhani tumekuja ngumbaru, chai ya saa nne, sambusa, picha ya pamoja, cheti, posho, kwaheri. Jumatatu narudi ofisini mteja wa kwanza ni yuleyule ambaye nikiona tu jina lake kwenye daftari tumbo linanikata, na kwenye slaidi zote zile hakuna hata moja iliyogusa hilo tumbo.

SISTA: Umesema tumbo.

MDOGO: Aa Sista, usianze.

SISTA: Sianzi. Ila mada ya leo ndo hiyohiyo, mafunzo ya saikoanalisisi, ile tiba ya kuongea inayochimba yale tunayoyahisi bila kujua, kwa sisi tulio kazini, manesi, matabibu, washauri, watu wa ustawi wa jamii, yaani sisi ambao hatutakuja kuwa wanasaikoanalisisi hata siku moja lakini mambo yenyewe yanatukuta kila asubuhi foleni ikianza.

MDOGO: Kwa hiyo yule Freud mwanzilishi wake, kochi na ndoto.

SISTA: Kochi alilokuwa analaza wagonjwa wake lipo London, kwenye nyumba aliyohamia 1938 akiwakimbia Wanazi, limetandikwa zulia la Kiajemi, ni makumbusho siku hizi ukipata nauli kalione. Mi sijaja na kochi. Nimekuja na viti kumi, hata vya plastiki, vimepangwa duara. Umewahi kusikia jina la Balint?

MDOGO: Kwenye mtihani. Nikalisahau palepale.

SISTA: Michael Balint, mwanasaikoanalisisi, mtu wa Budapest, kazaliwa 1896, baba yake alikuwa daktari wa kawaida tu wa mtaani, nadhani ndo maana hakuwadharau madaktari wa mtaani. Miaka ya 30 kule Hungaria akajaribu kukaa na madaktari wa aina hiyo waongee kuhusu wagonjwa wao, sasa siasa ya wakati ule ilikuwa mbaya, kila kikao polisi kanzu anakuja anakaa anaandika kila kinachosemwa. Unajua ikaishia wapi? Kikao hakikufika mbali, ila yule askari baada ya kuhudhuria mara kadhaa akamfuata daktari mmoja pembeni kumuomba ushauri wa matatizo yake na ya nyumbani kwake.

MDOGO: Hahaha, kumbe alikuwa anaandika huku anasikiliza!

SISTA: Mwenyewe Balint ndo alisimulia. Basi 1939 akahamia Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 50 akaanza upya pale Tavistock, kliniki ya afya ya akili London, pamoja na Enid ambaye baadaye akawa mkewe. Enid alishaanza zamani kukaa hivyohivyo na watu wa ustawi wa jamii waliokuwa wanashughulika na ndoa za watu, huwa wanamsahau, mi simsahau. Sasa huduma ya afya ya taifa kule ilikuwa imeanza 1948, watu wamejaa kwa daktari, huyu mgongo, huyu moyo unadunda, vipimo safi, kesho karudi. Madaktari wamechoka. Balint hakuwapa mihadhara, aliwakalisha wakaongea mgonjwa mmojammoja, wiki baada ya wiki, 1957 akatoa kitabu, na jambo kubwa lililomo ni kwamba dawa inayotumika kuliko zote ni daktari mwenyewe.

MDOGO: Enhe.

SISTA: Sasa fikiria kinesi. Panadol ina dozi, ina madhara, ina tarehe ya kuharibika, yote yameandikwa kwenye boksi. Wewe je? Mgonjwa akupate mara ngapi kwa wiki? Ukizidi inakuwaje? Hakuna boksi.

MDOGO: Wengine tarehe zetu zilishapita kitambo. Lakini Sista, hiyo ina tofauti gani na kuwasilisha kesi wodini, si tunafanya kila Jumatano?

SISTA: Mbali kabisa. Wodini unasimama na faili, umri, dalili, dawa, daktari mkuu anakuuliza swali la kukutega unatoka jasho, mnamaliza. Kwenye kundi la Balint faili haliingii mlangoni. Mko wanane, kumi, wasizidi kumi na mbili, saa moja na nusu hivi, mmoja anasimulia mgonjwa anayemkaa rohoni, kwa kichwa, bila karatasi, kwa sababu unachosahau na unachorudia mara tatu ndo habari yenyewe. Wanakuuliza vitu viwili vitatu vya ukweli tu, kisha unasogeza kiti chako nyuma kidogo na unafunga mdomo. Wenzako wanamchukua mgonjwa wako wanamuongelea, huyu anajiweka kwenye nafasi ya mgonjwa, yule kwenye yako, na wewe hata wakikosea husemi. Na ni marufuku "mi ningempa dawa ya amitriptyline". Kiongozi atakukata.

MDOGO: Kukaa kimya watu wakiniongelea mbele yangu? Mi nitapasuka.

SISTA: Nilipasuka kimoyomoyo. Ngoja nikwambie, na nimebadilisha vitu msije mkamtafuta mtu. Nilikuwa na mama mmoja wa makamo, kichwa kinauma, usingizi hakuna, faili limevimba mpaka linafungwa na mpira. Macho kapimwa, masikio kapimwa, picha ya kichwa kapigwa, kila mahali wanamwandikia rufaa ya mahali pengine, Balint aliliongelea hilo pia, mgonjwa anapita mikono kumi na kila mkono unadhani mwenye mgonjwa ni mkono mwingine. Akafika kwangu. Kila akija anaanza na "pole na kazi Sista, najua huna muda", anaweka parachichi mbili mezani. Na mimi kweli, nikiziona zile parachichi nasikia kama nimeiba kitu.

MDOGO: Umeiba nini sasa.

SISTA: Subiri. Nikampeleka kwenye kundi la Balint, yaani habari yake, mwenyewe hayupo. Nasimulia vizuri kabisa, nikasema tena kwa huzuni, maskini mara mbili kaja hakunikuta, Alhamisi mimi huwa sipo. Kuna nesi mdogo pale, ana mwaka mmoja kazini, akauliza kwa adabu tu, "Samahani Sista, kwenye kadi yake tarehe aliandika nani?"

MDOGO: Ohoo.

SISTA: Kimya. Feni tu inazunguka. Kadi niliandika mimi. Mwandiko wangu, kalamu yangu ya bluu, Alhamisi mara mbili, na Alhamisi sijafanya kazi miaka minne.

MDOGO: Aisee Sista. Ulikuwa unamkimbia.

SISTA: Nilikuwa namkimbia na sijui kama namkimbia, sasa ukiniambia hilo jambo la Vienna huko kwa Freud halituhusu... Freud makosa kama haya, ya ulimi, ya kalamu, ya kusahau, aliyaandikia kitabu kizima 1901. Nikasogeza kiti nyuma. Mmoja akasema, huyu mama anaomba msamaha kabla hajafukuzwa, inaonekana kashafukuzwa sana. Mwingine akasema mi nikimsikiliza Sista nachoka mabega. Mwingine akasema parachichi zile ni nauli, analipia kukaa pale. Hiyo ya nauli ndo ilinimaliza. Kwa sababu ndo nilivyokuwa najisikia, kama kondakta niliyepokea hela halafu namshusha mtu njiani.

MDOGO: Kwa hiyo ile hisia yako ya wizi ilikuwa inatoka kwake?

SISTA: Nusu kwake nusu kwangu, na kazi ni kutenganisha. Ndo kauntatransferensi, neno refu hilo, yaani hisia anazokuamshia mgonjwa, Freud 1910 alipolitaja aliliona ni kikwazo cha daktari akajisafishe. Halafu 1950 Paula Heimann, mwanasaikoanalisisi naye, akasema hapana, unachohisi mbele ya mgonjwa ni kifaa cha kumjulia. Mwaka mmoja nyuma yake Winnicott, daktari wa watoto, alishaandika peupe kwamba mtabibu kuna wakati anamchukia mgonjwa, na akizuga hajui ndo anaharibu.

MDOGO: Hilo ukilisema kazini kwetu unaandikiwa barua. Lakini nikubane kidogo, hawa wote ni Ulaya. Mgonjwa wangu ana mashangazi saba, ana jini la ukoo, ana mchungaji.

SISTA: Na hao wote wanaingia naye chumbani, si ndo vizuri? Halafu huku hawajaanza kukanyaga leo. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alitoka kwa Bowlby, mtafiti wa uhusiano wa mama na mtoto, palepale Tavistock akaja Kampala 1954, akawa anazunguka nyumba za vijijini Buganda na mkalimani, anakaa sebuleni anaangalia mama na mtoto, familia 26, kila baada ya wiki mbili. Mawazo ya mtoto kumfanya mama ngome yake ya kwenda kutambaa na kurudi, mengi aliyaona pale. Sisi tunakuja kufundishwa kwenye slaidi kama kitu cha Marekani.

MDOGO: Hiyo sikuijua. Sawa. Ila ugumu upo, tuseme ukweli. Bosi akiwemo kwenye duara nani atasema anamchukia mgonjwa?

SISTA: Hakuna. Nimeona kundi moja likifa kwa hilo, mkuu wa kitengo kaja na daftari, wote wakaleta wagonjwa wanaopendeza. Bosi akae kundi lingine, na wa chini. Na mji ukiwa mdogo badilisha kila kitu cha mgonjwa, na usithubutu kuendeleza mjadala WhatsApp, mtu atafowadi. Viongozi wenye mafunzo nao wachache, wengine tunawapata kwa Zoom bando linakata mtu akiwa analia. Na mwezi wa kwanza hujifunzi chochote unaona ni umbea tu wa kitaalamu. Kuanzia wa nne hivi ndo unaanza kujisikia ukiandika Alhamisi.

MDOGO: Na yule mama?

SISTA: Alivyokuja nikamwambia zile tarehe mbili niliandika vibaya mimi, kosa langu. Akaniangalia. Akasema, "Nilijua Sista, nilidhani umechoka na mimi kama wenzako." Nikamwambia nilikuwa nimechoka, ndio. Akakaa mpaka muda ukaisha. Kichwa bado kinamuuma, kinapungua kinarudi, ila hajaomba rufaa nyingine na parachichi siku hizi analeta moja.

MDOGO: ...Sista, yule wangu wa Jumatatu. Unajua huwa nafika dakika tano nimechelewa kila...

SISTA: Bado inarekodi?

MDOGO: Inarekodi.

SISTA: Basi zima kwanza.