Saa ya Mkononi au Pensheni?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Nimepitia vikaratasi vya maswali mlivyoacha pale mlangoni. Karibu vyote vinauliza jambo moja: ninunue ninachokitamani leo, au niweke akiba ya uzeeni? Mmoja wenu ameandika maneno matano tu: "Saa ya mkononi au pensheni?" Hakuandika jina, na mimi sitamtafuta. (Kicheko.)

Wahenga hawatusaidii sana hapa, kwa sababu wamesema yote mawili. Mmoja anatuambia akiba haiozi, mwingine anatuambia ponda mali, kufa kwaja. Kila mtu huchukua ile inayolingana na hali ya mfuko wake siku hiyo.

Nianze na huyo wa kwanza, maana ndiye anayeaminiwa zaidi. Akiba inaoza. Fedha taslimu iliyokaa bila kuzaa chochote inaliwa na mfumuko wa bei. Kuna hesabu ya haraka: chukua 72, gawanya kwa asilimia ya mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Mfumuko ukiwa asilimia 6, ni miaka 12. Aliyeweka fedha kabatini akiwa na miaka 36 akaja kuitoa akiwa na 60 atanunua nayo robo tu ya kile ambacho ingenunua mwanzo. Huyo hakuponda mali wala hakuihifadhi. Kwa hiyo leo nikisema akiba, nazungumzia fedha iliyowekezwa mahali inapozaa, kama hisa, hatifungani (yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) au mfuko wa pensheni.

Swali la pili: uzee unahitaji kiasi gani? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichukua takwimu za hisa na hatifungani za nchi yake kuanzia mwaka 1926 akajiuliza: mstaafu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila kukaukiwa ndani ya miaka 30? Jibu lake lilikuwa asilimia 4 ya mtaji mwaka wa kwanza, kisha kiasi hichohicho kikiongezwa kufuata mfumuko wa bei. Baadaye yeye mwenyewe aliipandisha kidogo. Ni kanuni iliyotokana na historia ya soko moja, hivyo msiichukue kama ahadi. Ila inatupa kipimo tunachoweza kukibeba kichwani: matumizi ya mwaka mmoja, mara 25.

Sasa tulieni kidogo, maana hapa ndipo penye uzito.

Tuseme huna pensheni nyingine yoyote, na uwekezaji wako unakua kwa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei. Unaweka asilimia 10 ya kipato, unaishi kwa 90. Ili uje kuishi kwa hiyo 90 bila kazi unahitaji 90 mara 25. Itakuchukua miaka 59. Ukianza kazi na miaka 22, utastaafu ukiwa na 81. (Minong'ono.) Ndiyo. Ukiweka asilimia 20, miaka inashuka hadi 41. Ukiweka 25, ni 35 na miezi kadhaa.

Kwa nini inashuka kwa kasi hivyo? Kwa sababu kila unachopunguza kwenye matumizi kinafanya kazi mara mbili: kinaongeza akiba, na kinapunguza kiasi utakachohitaji. Ugeuze upande wa pili uone: maisha yakipanda gharama unaumia mara mbili, unaweka kidogo na unahitaji kingi.

Ndiyo maana swali la saa linanisumbua kidogo kuliko mnavyodhani. Tuilinganishe na kitu kingine. Una miaka 30. Unanunua saa ya 1,000, ziwe 1,000 za fedha yoyote mnayotumia. Kama ungeiwekeza kwa asilimia 4 ileile, ukifika 66 ingekuwa takribani 4,100. Hiyo ndiyo bei halisi ya saa, nayo si ndogo. Sasa mwenzako hakununua saa. Amejiunga na huduma fulani ya kulipia 10 tu kila mwezi, wala haoni kama ametumia, maana fedha inakatwa yenyewe. Kwa mwaka ni 120. Kwa miaka 36, pamoja na faida yake, zimempita zaidi ya 9,300. Halafu anastaafu na bado anaitaka huduma hiyo, basi anahitaji 120 mara 25, yaani 3,000 nyingine. Jumla 12,300. Huyu ndiye anayekunyooshea kidole kwamba wewe mwenye saa ni mbadhirifu.

Sisemi kila kinacholipwa kwa mwezi ni kibaya. Nasema anasa ya mara moja inajitangaza: unaipigia mahesabu, unaota nayo, unagombana nayo nyumbani. Ile ya kila mwezi inaingia kimyakimya na kuitwa mahitaji. Nyumba kubwa zaidi ya familia iliyomo. Gari jipya kila mkopo wa lile la zamani unapokwisha. Simu inayobadilishwa wakati ile ya mwanzo haijapata hata mkwaruzo. Mkifika nyumbani leo msianze na kile kitu kikubwa mnachojilaumu nacho. Chukueni taarifa ya benki ya miezi 3, pigieni mstari kila kinachojirudia, kisha mjiulize kwa kila mstari: nikiambiwa leo nijiunge upya, nitajiunga? Mingi itafutika bila machozi.

Sasa raha yenyewe. Maana wengine mnadhani mtu wa fedha amekuja hapa kuwanyima.

Mtazame mtu aliyenunua gari. Wiki ya kwanza nailoni za viti hazijatoka, anaegesha mbali na wenzake asije akakwaruzwa, jioni anatoka kulitazama bila sababu. Mwezi wa sita yumo ndani ya gari hilohilo, foleni haisogei, anawaza kikao cha asubuhi na hajui hata redio inasema nini. Gari halijaharibika, yeye amelizoea. Mazoea hayachagui kitu ghali wala rahisi.

Watu wanaolijua jambo hili hupenda kutaja utafiti wa mwaka 1978 wa mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake, waliowahoji washindi wa bahati nasibu wakaona hawakuwa na furaha kubwa kuliko majirani zao. Wanapoutaja hawasemi kwamba washindi waliohojiwa walikuwa 22 tu. Mwaka 2020 mchumi Erik Lindqvist na wenzake walichapisha uchunguzi wa washindi wengi mno nchini Uswidi, na wakakuta kuridhika na maisha kulipanda na kubaki juu hata baada ya zaidi ya miaka 10, ingawa athari kwa furaha ya siku hadi siku ilikuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba fedha haileti kitu. Inaleta. Nadhani sehemu kubwa ya inacholeta ni ule utulivu wa kujua kwamba jambo likitokea utaweza kulikabili, na utulivu huo unaletwa na fedha ambayo bado hujaitumia.

Pia mtasikia kwamba safari ni bora kuliko vitu. Kwa wengi ni kweli. Lakini namjua fundi ambaye furaha yake ni vifaa bora, anavishika kila siku, anavifuta, anavipanga. Ukimpeleka ufukweni atakaa anawaza karakana yake. Msinunue safari kwa sababu utafiti umesema.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo halizungumzwi sana kwa sababu linafanana na adabu njema. Franco Modigliani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1985, alieleza kwamba mtu huweka akiba miaka ya kazi ili aje kuitumia miaka ya mapumziko. Kimantiki ni sawa. Lakini wachumi wameona mara nyingi kwamba wastaafu wengi wenye akiba huitumia polepole kuliko nadharia inavyotarajia. Wengine wanaogopa kuishi muda mrefu, wengine wanaogopa gharama za matibabu, wengine wanawawekea watoto. Hizo ni sababu za maana. Ila wapo ambao hawana sababu, wana mazoea tu. Mtu aliyejifunza miaka 40 kujinyima hawezi kuamka siku ya kustaafu akawa bingwa wa kutumia. Kutumia kwa raha nako kunahitaji mazoezi, na mazoezi hayo huanza mapema.

Tena kuna raha zenye umri wake. Kupanda mlima kunataka magoti. Kumbeba mtoto mabegani kunamtaka mtoto ambaye bado anabebeka. Kula na mama yako kunamtaka mama aliye hai. Hizi hamziwezi kuziweka benki zikasubiri. Saa ya mkononi inaweza kungoja hata miaka 15, itakuwepo dukani, pengine nzuri zaidi. Mimi ningeanza kupanga hapo, kwa kuuliza nini kinangoja na nini hakingoji, kabla ya kuuliza nini ni ghali.

Nije kwenye utaratibu, kwa ufupi, maana muda unayoyoma. Msitegemee utashi. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango waliouweka kwenye kampuni moja: wafanyakazi walikubali mapema kwamba kila mshahara ukipanda, sehemu ya nyongeza iende kwenye akiba kabla hawajaishika. Ndani ya miezi 40 walioingia kwenye mpango walitoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6. Hakuna aliyeona mshahara wake ukishuka. Walichokubali ni kwamba nyongeza isifike yote mezani.

Mimi huwaambia watu wagawe nyongeza nusu kwa nusu. Nusu iende uzeeni, nusu iliwe, na iliwe kwelikweli, bila kujihukumu. Kikishatoka kilicho cha akiba, kilichobaki hakina haja ya kuombewa msamaha. Kama katika hicho kilichobaki saa inatoshea, nunua saa. Kama haitoshei na unataka kuikopea, hapo umekwisha kuigeuza kuwa malipo ya kila mwezi, na riba juu, na tumeshaona hesabu zake.

Kwa walio kwenye ndoa, wekeni kila mmoja fungu lake dogo asiloulizwa. Nimeona nyumba zilizokubaliana juu ya kiwanja zikaja kugombana juu ya viatu.

Kikaratasi cha mwisho kinasema: "Na nikifa kabla ya kustaafu, si nitakuwa nimejinyima bure?" Ni swali la haki. Kama ulikuwa ukila nusu ya kila nyongeza, hukujinyima bure. Na ile nusu nyingine ina mwenyewe, ni yule uliyemwandika kwenye fomu ya mfuko. Hebu nyoosheni mikono: nani anakumbuka alimwandika nani? (Mikono michache.) Wengi mlijaza fomu hiyo siku ya kwanza kazini, kabla ya ndoa, kabla ya watoto. Jumatatu ulizeni kwenye ofisi za mifuko yenu ni jina la nani lililopo, na kama limepitwa na wakati ombeni fomu ya kulibadilisha.

Karibuni kwa maswali.