Mashahidi wa Reinhold Messner

Haya jamani, wa kule nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, viti vya mbele viko wazi kabisa na mimi siumi.

Nimeambiwa niongelee wapandaji wa kule juu sana, wale wa mita 8,000 kwenda mbele, nikaona nikiwatajia majina kumi mtatoka hapa hamna hata moja kichwani kwa hiyo leo ni mtu mmoja tu, Reinhold Messner. Kazaliwa 1944 kule Tirol Kusini, iko Italia lakini wanaongea Kijerumani, baba mwalimu, nyumba ina watoto tisa. Na msidhani hatuhusu. Nyie waongozaji wa Kilimanjaro mnaolala kambi ya Barranco na wageni, mkiinua macho kuna ule ukuta mweusi wenye barafu unaning'inia, Breach Wall, basi Januari 1978 Messner na mwenzake Konrad Renzler walipita palepale katikati, kwenye ule mchirizi wa barafu uliokuwa umening'inia kama ndevu za mzee, wakatoka juu siku hiyohiyo. Leo ile barafu karibu yote imekwisha, kwa hiyo hata ukitaka kuhakikisha alipita wapi huwezi.

Na hapo ndo nataka tukae. Huyu jamaa maisha yake yote amegombana na watu kuhusu kitu kimoja, nani alikuona? Na ugomvi huo kwa sehemu kubwa kajitafutia mwenyewe kwa namna anavyopanda. Wenzake walikuwa wanapeleka jeshi zima, kambi tano sita, kamba zimefungwa toka chini mpaka juu, mitungi ya oksijeni, redio. Yeye anasema hapana, huo siyo mlima tena hiyo ni kazi ya ujenzi. Anataka watu wawili, begi, basi. Mwaka 1975 yeye na Peter Habeler walipanda Gasherbrum I, mmoja wa hiyo milima ya mita 8,000, hivyohivyo wawili tu, ikawashangaza watu sana. Safi. Lakini ukipunguza watu umepunguza na mashahidi, na kambi ikikosekana hakuna wa kusema nilimwona saa nane akishuka.

Sasa turudi 1970, Nanga Parbat, Pakistani, sababu hii ndo mama wa stori zote. Ukuta wa Rupal, kama mita 4,500 toka chini mpaka kileleni, yaani umwone Kilimanjaro kuanzia getini mpaka Uhuru halafu uusimamishe wima. Kiongozi wa msafara ni Mjerumani Karl Herrligkoffer, ambaye kaka yake wa mzazi mmoja alifia mlima huohuo 1934, kwa hiyo kwake ilikuwa kama deni la familia. Messner yupo na mdogo wake Günther, miaka 24, kijana wa benki.

Makubaliano yalikuwa hivi, chini watarusha fataki ya ishara. Ya bluu hali ya hewa nzuri, nyekundu inaharibika. Ikiwa nyekundu Reinhold aende peke yake mbiombio kabla mawingu hayajafika. Utabiri ulikuwa mzuri lakini ikarushwa nyekundu, na kosa la nani mpaka leo wanabishana. Reinhold akatoka usiku peke yake bila kamba, na Günther ambaye alitakiwa abaki na mwenzie wafunge kamba za kushukia, akaacha ile kazi akamfuata kaka yake. Mwenye kaka hapa anaelewa. Tarehe 27 Juni wakasimama kileleni wote wawili.

Tatizo ni kushuka. Günther alikuwa kachoka, anaumwa na kimo, akasema njia ile waliyopandia bila kamba hawezi. Wakalala nje usiku bila hema, bila jiko. Asubuhi wanakuja wenzao wawili, Kuen na Scholz, wanapanda, wakafikia mahali pa kupigiana kelele lakini katikati kuna mwamba haupitiki. Reinhold akaulizwa mko sawa? Akajibu tuko sawa. Hapo mimi kila nikifika nasimama, sababu hilo jibu lilimtesa kwa miaka mingi, yule Kuen alilielewa jinsi alivyolisikia akaendelea kileleni. Mwenyewe anasema alikuwa anaita kamba na alipoona hawawezi kufika aliwaruhusu waende tu. Kule juu oksijeni ni kama theluthi ya huku chini, kichwa hakifanyi kazi, sasa watu wawili wenye vichwa vya namna hiyo wanapigiana kelele kwenye upepo halafu miaka thelathini baadaye unataka neno kwa neno.

Wakashukia upande wa pili, Diamir, bila kuujua. Karibu na chini Reinhold ametangulia kutafuta njia, kugeuka nyuma, mdogo wake hayupo, maporomoko ya theluji. Akatafuta mchana na usiku. Akaokotwa na watu wa bonde lile, baridi ilikuwa imeshakula vidole vya miguu, saba vikakatwa.

Ukisikiliza ni msiba, basi. Lakini Herrligkoffer na yeye wakaishia mahakamani, na baadaye zaidi, 2003, wawili kati ya waliokuwa kwenye ule msafara, Hans Saler na Max von Kienlin, wakatoa vitabu wakisema uongo, huyu alipanga toka mwanzo kuvuka mlima apate sifa na mdogo wake kamwacha juu kule, hakushuka naye kabisa. Niwaambie na ya pembeni mjue mazingira: mke wa von Kienlin alimwacha mumewe baada ya msafara ule akaolewa na Messner mwaka 1972. Sisemi ndo sababu. Nasema muwe nayo kichwani.

Sasa ona ubishi wenyewe ulivyo. Kama Günther aliachwa juu, mwili uko upande wa Rupal au karibu na kilele. Kama Reinhold anasema kweli, mwili uko Diamir chini, na barafu ya pale inatembea, polepole lakini inatembea, siku moja itamtoa. Na 2005, miaka 35 baadaye, ikamtoa, upande wa Diamir, chini kabisa mita elfu nne na kitu. Kiatu kilekile cha zamani. Wakapima DNA kule Innsbruck, Austria, ni Günther. Mwaka 2022 kikatoka na kiatu cha pili.

Kwa hiyo lile la kuachwa juu kwangu limekufa. Kinachobaki ni kama alikuwa na wazo la kuvuka toka mwanzo, na hilo hakuna barafu itakayolitoa, liko moyoni mwa mtu. Waliomtuhumu wengine hawajanyamaza.

Haya ya Manaslu, mlima wa Nepal, 1972 nayapitia haraka. Mwenzake Franz Jäger akarudi njiani, Messner akaendelea kileleni, dhoruba ikaja, yeye akafika hemani kakuta Jäger hayupo, wenzao wawili wakatoka kumtafuta usiku, mmoja wao, Andi Schlick, naye hakurudi. Watu wakaanza kusema huyu kila akipanda wenzake wanakufa. Mimi naona si haki, dhoruba haina ajenda, ila familia ya marehemu huwezi kuiambia hivyo.

Everest 1978, yeye na Habeler, Mei 8, bila mtungi. Madaktari walisema ubongo utaharibika. Wakarudi wazima, basi ikawa hawajafika, haiwezekani, hata Washerpa wengine, wale wenyeji wa Himalaya wanaosindikiza wapandaji, walitilia shaka. Yeye jibu lake lilikuwa kurudi 1980 kupitia Tibet, peke yake kabisa, msimu wa mvua, bila oksijeni, siku tatu. Mtu anadaiwa mashahidi, anaenda bila hata mmoja! Kileleni akajipiga picha kwenye kile chuma cha miguu mitatu walichoacha Wachina 1975, na hapo wabishi wengi wakatulia.

1986 akamaliza milima yote 14 ya mita 8,000, mtu wa kwanza duniani. Wakataka kumpa medali ya fedha ya Olimpiki 1988, yeye na Mpolandi Jerzy Kukuczka aliyemaliza wa pili, Messner akaikataa, akasema huu si mchezo wa mashindano. Kukuczka akaipokea.

Halafu sasa ndo linakuja hili la juzi. Mjerumani mmoja mtunza kumbukumbu, Eberhard Jurgalski, kakaa na mapicha ya satelaiti akasema 1985 pale Annapurna, mmoja wa ile 14, Messner na mwenzake Kammerlander walisimama kama mita 65 kutoka kilele halisi, chini yake mita tano. Mwaka 2023 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakamfuta, wakampa Mmarekani Ed Viesturs.

Nyie mnacheka lakini nyie ndo mnajua zaidi. Mgeni akiishia Gilman's, pale ukingoni kabla ya Uhuru, cheti chake si cha Uhuru, na hakuna anayelia, maana pale kuna kibao. Annapurna ni mgongo mrefu wa theluji, unapanda na kushuka kila mwaka, upepo unakusukuma, kibao hakuna. Kwa anayetunza orodha, mita tano ni mita tano na Jurgalski hajakosea kupima. Ila mimi siwezi kumnyang'anya mtu milima 14 kwa hilo, na nifurahie tu kwamba Viesturs mwenyewe alisema hapana bwana, wa kwanza ni Messner.

Nimezidisha muda, naona. Maswali? Ndiyo, wewe wa kofia ya bluu. Yeti, lile jitu lenye manyoya la hadithi za Himalaya? Nilijua tu. Ndiyo, alisema kakutana na kitu Tibet 1986, wakamcheka sana, miaka baadaye akatoa kitabu akasema ni dubu. Na safari ile pia alikuwa peke yake. Mwingine?