Yasmin Farooq: Kutoka Usukani hadi Ukocha

Ndugu zangu wa Mombasa, na hasa vijana wa Tudor na Mtongwe mnaokua mkiyatazama maji kila siku, nawasalimu kutoka Seattle. Kwenye ziwa hili lililo nyuma yangu hufanyia mazoezi timu ya makasia ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Washington, na leo namzungumzia Yasmin Farooq, aliyeifundisha timu hiyo ikatwaa ubingwa, ilhali yeye mwenyewe alipokuwa mshindani hakuwa mvuta kasia.

Katika mashua ya wapiga makasia wanane huwamo mtu wa tisa, mdogo wa mwili, anayeketi tezini akishika usukani. Wale wanane wamepageuzia mgongo mahali waendako. Aonaye mbele ni yeye peke yake. Nahodha wa jahazi havuti henza, kamba ya kutweka tanga, kwa mikono yake, lakini hakuna baharia anayemhesabu kuwa abiria. Mbio ni za mita 2,000, takriban dakika 6, na kwa kuwa kila anapougeuza usukani mashua hupungua kasi, fundi huugusa kwa uchache sana. Kazi kubwa ni ya sauti. Kwa kipaza sauti huwaeleza wenzake mpinzani yuko wapi, nani anachelewa kutia kasia majini, na wakati gani waongeze nguvu. Akiwahimiza mapema mno, pumzi zitawaishia kabla ya mwisho, na akichelewa, wapinzani wamekwisha kwenda. Kocha haruhusiwi kuwaelekeza kwa chombo chochote cha mawasiliano mbio zikiendelea, kwa hiyo katika dakika hizo sita kocha wao ni yeye.

Farooq aliianza kazi hiyo Chuo Kikuu cha Wisconsin, akafika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na mwaka 1995 mashua ya Marekani aliyoiongoza ikawa bingwa wa dunia huko Tampere, Ufini. Mwaka uliofuata, Atlanta, mbele ya watu wa nchi yao, walimaliza wa nne. Sikubaliani na wanaoiruka nafasi hiyo wanapomsimulia, kwa kuwa aliyekwisha kuongoza mashua ya kwanza na mashua iliyokosa medali anazijua sura zote mbili za wanamichezo atakaowafundisha.

Mwaka 2006 alikuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Stanford, akakipa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mwaka 2009, kisha mwaka 2016 akahamia hapa Washington. Mwaka 2017 mashua zake zote tatu, mbili za wapiga makasia wanane na moja ya wanne, zilishinda fainali zao, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mashindano hayo, na mwaka 2019 zikashinda zote tena. Mimi nauweka ushindi huo juu ya dhahabu ya Tampere. Mle mlikuwa na wapiga makasia 20 na washika usukani 3, na yeye, aliyezoea kuwa sauti pekee ndani ya mashua, alikuwa nje amenyamaza, akiwaachia watatu hao wazungumze.