Maonyesho ya nchi mbili: panga kurudi kabla ya kwenda

Asanteni kwa kuja jamani, naingia moja kwa moja maana muda wenyewe mfupi. Watu wakipata wazo la maonyesho ya sanaa kati ya nchi mbili wanaanza na ufunguzi, nani atakata utepe, mabango yakaeje. Mimi nasema anzeni na siku ya kurudisha kazi. Zile picha na sanamu mmeazima, na ugomvi mwingi unazuka wageni wakishaondoka na hela imekata.

Chukueni forodha. Wao hawaoni sanaa, wanaona mzigo wenye thamani, ndo maana kuna utaratibu wa kuingiza kitu kwa muda tu. Mfumo wa ATA Carnet, uliotokana na mkataba wa 1961, unaruhusu hati moja itumike kutoka, kuingia na kurudi bila kulipa ushuru, ila mwisho wake mwaka 1, na nchi zote mbili lazima ziwe kwenye mfumo. Kama moja haimo mtajikuta mnatakiwa kuweka dhamana, hiyo iwe kwenye bajeti toka mwanzo. Halafu mihuri! Ukikosekana mmoja wakati wa kutoka, kwenye makaratasi kazi inahesabika bado iko kule, na ushuru unadaiwa.

Kuna na sheria. Mwaka 1998 picha inayoitwa Portrait of Wally, iliyochorwa na Egon Schiele, mchoraji wa Austria, ilizuiliwa New York baada ya maonyesho pale MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa, ilikuwa imeazimwa kutoka makumbusho ya Leopold ya Vienna, familia ya mwanamke aliyeporwa picha hiyo enzi za Wanazi wakaidai, na kesi ikaja kumalizika 2010 kwa makubaliano ya dola milioni 19. Familia ilikuwa na haki ya kudai, hilo sina ubishi nalo. Ninachosema ni kwamba historia ya umiliki mnaichunguza kabla sanduku halijafungwa, sio mbele ya hakimu. Na kama sanamu ina pembe ya ndovu au gamba la kasa mtahitaji vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, vinachelewa hivyo viombeni mapema.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, ripoti ya hali ya kazi. Picha imelazwa mezani, watu wawili, mmoja wa kila upande, tochi inashikwa pembeni mwanga upite juujuu ya rangi, hapo ndo unaona ufa ambao ukiangalia kwa mbele huuoni kabisa. Kila ufa unapimwa umbali kutoka kwenye kingo, unapigwa picha, wote wanasaini. Mnarudia ikifika, ikishushwa ukutani, na ikirudi kwa mwenyewe. Inachosha kweli, lakini bila hizo saini bima itawauliza uharibifu ulitokea wapi na hamtakuwa na jibu. Na bima yenyewe ianzie ukutani kwa mwenye kazi mpaka irudi ukutani kwake, sio uwanja wa ndege kwa uwanja wa ndege.

Masanduku ya mbao yafuate ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kwenye mbao za kufungashia, yaani mbao imepashwa joto nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa dakika 30 na ina alama yake. Likifika liacheni masaa 24 kabla ya kufungua, lizoee hewa ya ukumbi. Msiyatupe tafadhali, ndo hayohayo ya kurudia. Mwanga unapimwa kwa lux, kazi za karatasi lux 50, za rangi ya mafuta kama 200, ukumbi usioweza hilo useme kabla ya mkataba.

Na kwenye mkataba andikeni jina la mtu atakayekuwepo siku sanduku la mwisho linafunguliwa kule lilikotoka, awe anaijua kazi, na nauli yake na posho viwe vimeshatengwa kabla hata kadi za mwaliko hazijachapwa. Haya, maswali.