Banda la Kando ya Ziwa: Kulikarabati na Kulipangisha kwa Wageni

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tupo Sengerema, ng'ambo ya Daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lifunguliwe Juni 2025, mtu anatoka Mwanza mjini hadi huku bila kupanga foleni ya kivuko, na mabanda yaliyokuwa yametelekezwa kando ya Ziwa Victoria sasa yanaulizwa bei. Haya mawili nyuma yangu ni ya tofali mbichi na nyasi. Najua mkono unakuwasha kuanza na rangi na vitanda. Tulia kwanza.

Hatua ya kwanza, jua maji yaliwahi kufika wapi. Mwaka 2020 ziwa lilivuka rekodi yake ya 1964, na 2024 likapanda tena. Muuzaji hatakwambia, muulize mvuvi, au mama anayeanika dagaa hapo jirani. Kamera isogee hapa kwenye senyenge. Mnaona hizi nyuzi nyeusi zilizokaukia kwenye waya? Ni mizizi ya magugu maji. Imeletwa na ziwa mpaka hapa. Banda likiwa chini ya alama kama hii, funga pochi yako urudi nyumbani. Halafu chukua futi ya kamba upime. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu wala zile zinazoweza kuharibu mazingira. Kama banda limo humo ndani, nenda NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Hatua ya pili, kuta. Gonga kwa kifundo cha kidole, hivi. Sikia… hapa pako sawa, hapa panalia kama debe tupu. Aliyetutangulia alipiga plasta ya saruji juu ya udongo. Saruji inazuia unyevu kutoka, udongo nyuma yake unalainika, na siku moja plasta inaanguka kipande kizima. Ibandue yote, taratibu. Rudishia udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, acha ukauke vizuri, kisha lowesha ukuta kidogo upake chokaa nyepesi mara tatu au nne. Fundi atakubishia. Mwache abishe, ila chokaa ipakwe.

Hatua ya tatu, paa. Nyasi zinataka mwinuko wa nyuzi 45, maji yateleze haraka yasipate muda wa kuzama. Kipimo ni rahisi: banda la upana wa mita 4, kipeo chake kiwe mita 2 juu ya usawa wa kuta. Chomeka bisibisi kwenye kila mrunda wa kenchi. Ikizama bila nguvu, mchwa wameshamaliza kazi, badilisha. Tafadhali, oili chafu ya gari usiipake huku, mvua itaipeleka ziwani. Nunua dawa ya mbao inayoeleweka. Na acha nyasi zitokeze nje vya kutosha, matone yasichimbe msingi.

Hatua ya nne ndiyo ningeitolea hela nyingi kuliko zote: maji ya kuoga. Kichocho kipo ziwani, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi, hata kwa mtu anayeoga tu. Weka matangi mawili. Moja linajazwa maji ya ziwa, yachujwe konokono wasiingie, yakae siku mbili kamili. Vimelea vinakufa vyenyewe humo. Lingine ndilo linatumika. Kisha unabadilishana. Ya kunywa bado yachemshwe. Mgeni akiuliza kuhusu kuogelea, mweleze ukweli huo huo, hasa penye matete na maji yaliyotulia.

Choo kiwe upande wa juu, mbali na ziwa, na shimo lisifikie maji ya ardhini. Taa za nje ziwe za njano, zifungwe mbali na mlango, maana wadudu wa ziwani wakifuata taa nyeupe hakuna atakayekula chakula cha jioni. Ndani, neti isiyotoboka na godoro zuri. Makabati ya vioo waachie hoteli za mjini.

Kupangisha: anzia ofisi ya biashara ya halmashauri ujue leseni na ushuru wa nyumba za wageni, pita TRA, halafu wizara ya maliasili na utalii kwa leseni ya biashara ya utalii. Weka kitabu cha wageni, na raia wa kigeni andika namba ya pasi yake.

Kwenye tangazo piga picha ya choo na bafu kabla ya picha ya machweo. Machweo kila mtu anayo. Andika wazi kama umeme ni wa sola na kama njia inahitaji gari la juu wakati wa masika. Chukua malipo ya awali kwa simu, yaani usiku mmoja, na funguo akabidhiwe mtu anayeishi hapo hapo, sio wewe uliyeko Mwanza.